Risasi ipi kwa mnyama yupi? Majibu kwa wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini

Msimu wa uwindaji unafunguliwa Julai, na barua za wasomaji wa Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe zinauliza mambo yanayokaribiana: nichukue kaliba gani (upana wa risasi, unaoandikwa kwa sehemu ya inchi kama .375), greni ngapi (uzito wa kichwa cha risasi), nimsikilize nani. Nitajibu nikianza na mnyama kila mara. Yeye ndiye anayeteseka tukikosea kuchagua, na akiondoka na jeraha, anayekutana naye kesho yake ni mama aliyekwenda kuokota kuni.

*Shikamoo mzee. Nimepata kibali cha nyati. Nina .30-06 ninayoipiga vizuri sana. Binamu yangu anasema nikitafuta risasi nzuri itatosha, kwani zamani kuna Mzungu aliyeua tembo kwa bunduki ndogo kuliko hiyo. Ni kweli? (Makongolosi, Chunya)*

Marahaba, mwanangu. Hiyo .30-06 iweke kwa ajili ya kongoni. Kwa nyati sheria yetu inataka kaliba isiyopungua .375, kwa hiyo mjadala ungeweza kuishia hapo. Lakini nataka uielewe sababu, ili usije ukashawishika ukiwa porini.

Binamu yako hakudanganya. W.D.M. Bell, Mskoti, aliwinda tembo mwanzoni mwa karne ya 20, na wengi aliwapiga kwa 7×57, yaani upana wa milimita 7 na ganda la milimita 57, ambayo ni ndogo kuliko yako. Ila alitumia risasi ngumu zisizochanuka, alipasua mafuvu ya tembo ili ajue ubongo umelala wapi, na alikuwa mlengaji wa aina yake. Kuiga bunduki yake bila ujuzi wake ni kumtesa mnyama bure.

Sasa tazama hesabu. Risasi ya .30-06 ya greni 180, yaani gramu 11.7, inatoka mtutuni na nguvu ya karibu jouli 3,900. Ya .375 H&H Magnum, iliyotolewa na Holland & Holland wa London mwaka 1912, ina greni 300, gramu 19.4, na karibu jouli 5,800. Lakini nguvu peke yake si habari yote. Nyati dume ana kilo 600 hadi 800, ngozi nene, misuli iliyojaa, na mfupa wa bega unaoweza kuisimamisha risasi nyepesi kabla haijafika moyoni. Uzito wa kichwa cha risasi ndio unaokisukuma kiendelee mbele baada ya kukutana na mfupa.

Risasi ya kwanza kwenye chemba, pale nyuma ya mtutu inapokaa, iwe ya ncha laini iliyotengenezwa imara, ile inayochanuka kama uyoga bila kumeguka. Zinazofuata ziwe ngumu, kwa sababu baada ya risasi ya kwanza nyati atakuwa ameshageuka anakimbia, na utahitaji risasi itakayopenya kutoka nyuma hadi kifuani. Ncha laini ni salama pia akiwa kundini, maana risasi ngumu inaweza kumtoboa wako ikamjeruhi na wa nyuma yake. Moyo wa nyati uko chini kuliko watu wanavyodhani. Akisimama ubavu, fuata mguu wa mbele kwenda juu hadi theluthi moja ya kimo cha mwili wake, hapo ndipo.

Ukishapiga, usimkimbilie. Subiri, kisha nenda ukaangalie damu na askari wa wanyamapori anayefuatana nawe. Damu nyekundu iliyopauka yenye mapovu, imeruka kwenye nyasi kwa urefu wa kiuno, ni ya mapafu, na hatakuwa mbali. Ukiona majimaji ya kijani yenye vipande vya majani, umempiga tumboni, na saa zinazokuja zitakuwa ngumu kwenu nyote. Wajibu wa kumfuata hadi mwisho ni wako hata giza likikaribia, na ukishindwa siku hiyo, vijiji vya jirani vipewe taarifa kabla hawajalala.

Wapo watakaokuambia uruke .375 uende moja kwa moja kwenye .416 Rigby au .458 Winchester Magnum. Ni risasi nzuri mikononi mwa wawindaji bingwa, ambao kazi yao ni kumzuia mnyama anayekuja. Lakini .375 tayari inapiga teke karibu mara mbili ya .30-06, na .458 inazidi hapo. Mtu anayefumba macho kabla ya kufyatua atampiga nyati utumbo kwa bunduki kubwa kuliko zote duniani.

*Mimi nina .308, rafiki yangu .30-06. Nimesoma kwamba vichwa vya risasi zote mbili vina upana mmoja. Akiishiwa porini naweza kumwazima? (Kijana wa Mafinga)*

Usithubutu. Kipenyo cha kichwa ni kimoja kweli, inchi .308. Tofauti iko kwenye ganda: la .308 Winchester lina urefu wa milimita 51, la .30-06 lina 63. Risasi yako fupi itaingia kwenye chemba yake lakini haitakaa inapotakiwa. Ikifyatuliwa ganda linaweza kupasuka, na gesi yenye moto ikarudi nyuma usoni mwake. Hizo namba usizichukulie kama kipimo cha ukubwa tu. Ile 06 ni mwaka 1906, jeshi la Marekani lilipoipokea, wala haikuambii chochote kuhusu urefu. Soma maandishi yaliyogongwa kwenye kitako cha ganda kila unapojaza, na risasi zikae kwenye boksi zake. Zaidi ya hayo, silaha na risasi zako zimeandikwa kwa jina lako, si kitu cha kuazimana.

*Mzee mwenzangu, nataka bunduki moja tu. Nawinda swala pala na tohe, mara mojamoja kongoni, na Mungu akinijalia nitaomba pofu. Nyati simtaki. (Rujewa, Mbarali)*

Kwa orodha yako hadi kongoni, .30-06 au .308 yenye greni 180 inatosha, na risasi zake ndizo utakazozipata kwa urahisi zaidi kuliko nyingine. Kama bega halitaki tena mateke, 7×57 ya greni 175 inafanya kazi hiyohiyo kwa upole, na imekuwa ikifanya hivyo tangu miaka ya 1890.

Watu watakusukuma ununue .300 Winchester Magnum. Kwenye miombo mnyama unamwona kwa mita 80, 100, ukibahatika 150. Kwa umbali huo risasi yenye kasi kubwa inamfikia swala ikiwa bado na nguvu nyingi mno, inameguka, na bega zima linakuwa damu iliyoganda isiyolika. Mnyama ameuawa kihalali, nusu ya nyama inatupwa kwa fisi. Mimi jambo hilo linaniuma.

Pofu ndiye anayeharibu hesabu. Dume anaweza kupita kilo 700, mpole wa tabia lakini mwili wake ni wa ng'ombe mkubwa. Greni 180 za .30-06, iwe ya shaba tupu au ile ambayo gamba na kiini vimeunganishwa visiachane, itamwangusha kwa karibu akisimama ubavu. Hata hivyo ningependa umpige kwa .375, na kabla hujalipia soma masharti ya kibali chako. Kama pofu kweli yumo kwenye ndoto zako, basi .375 ndiyo iwe hiyo bunduki moja. Wengi wanashangaa nikisema hivi, lakini kwa swala pala haiharibu nyama kama wanavyoogopa: kichwa chake ni kizito na hakina haraka, kinatoboa na kupita.

*.22 naweza kumpigia swala nikimlenga kichwani? (Vwawa, Songwe)*

Hapana. Ina greni 40 na karibu jouli 190, ni ya kanga na kwale. Kichwa cha swala hakitulii, na taya likivunjika atakufa njaa siku kadhaa baadaye. Halafu usiidharau: risasi hiyo ndogo inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja.

*Nguruwe pori wanamaliza mahindi yangu usiku. Nikiomba leseni ya silaha, niombe raifo au shotigani? (Kilolo)*

Shotigani. Mashamba ya Kilolo yako kwenye miteremko, na ng'ambo ya kila bonde kuna nyumba za watu. Risasi ya raifo iliyomkosa nguruwe inaweza kwenda zaidi ya kilomita tatu. Marisau makubwa ya shotigani, yaani zile chembe nyingi zinazotoka kwa mpigo mmoja, yanafanya kazi hadi mita 30 hivi, kisha nguvu inakwisha haraka. Kwa nguruwe aliyemo shambani umbali huo unatosha kabisa. Marisau madogo ya ndege usiyatumie, yanamwacha na vidonda tu.

Ila anza na ofisi ya kijiji na afisa wanyamapori wa wilaya, wala usingoje hadi umeshampiga. Mnyama aliyeuawa kwa kulinda mazao lazima aripotiwe, na nyama yake ni mali ya serikali. Kama wewe au jirani mnafuga nguruwe, chukua tahadhari moja kubwa. Nguruwe pori na ngiri hubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika bila wao kuugua. Utumbo, damu, hata viatu vilivyokanyaga hapo visisogee kwenye banda. Ugonjwa huo hauna tiba, na ukiingia kijijini watu wanapoteza mifugo yote.

*Marehemu babu ameacha bunduki yenye maandishi ya Kijerumani. Fundi ameniambia ni ya 8 mm, na kwamba risasi yoyote ya 8 mm itaingia. (Kalenga, Iringa)*

Poleni na msiba. Leseni ilikuwa ya babu, na haikurithiwa pamoja na bunduki. Ipelekeni polisi, mkiwa na barua ya mtendaji na nyaraka za mirathi, kisha mwenye sifa katika ukoo aombe leseni yake mwenyewe. Msikae nayo ndani huku mkijadiliana.

Kuhusu risasi, huyo fundi anaweza kukuua. Mitutu ya kwanza ya 8×57, iliyoanza mwaka 1888, ilitengenezwa kwa kichwa cha inchi .318. Mwaka 1905 Wajerumani wakabadili, kichwa kikawa .323, na risasi za siku hizi zenye alama IS au JS ni za kipimo hicho cha pili. Ukilazimisha .323 kupita kwenye mtutu wa .318, shinikizo linapanda kupita uwezo wa chuma chenye umri wa miaka zaidi ya mia. Kutazama kwa macho hakusaidii. Fundi wa silaha mwenye leseni aupime mtutu kwa ndani ndipo aseme.

Wasomaji wengine wa Iringa wameniuliza pia kuhusu 9.3×62, iliyobuniwa mwaka 1905 na Otto Bock wa Berlin kwa ajili ya walowezi na wawindaji wa Afrika. Ni risasi ninayoiheshimu sana, greni 286, na walioitumia hawakuijutia. Lakini milimita 9.3 ni inchi .366, haifiki .375. Msichukulie kwamba itakubaliwa kwa nyati kwa sababu nchi fulani zinaikubali. Ulizeni kwa afisa wanyamapori kabla ya kulipia kibali.

*Siwindi, lakini nanunua nyama kwenye bucha la nyamapori. Juzi nimekuta chembe za chuma kwenye mbavu. Nina wajukuu wadogo. Kuna madhara? (Mama wa Ipogolo, Iringa)*

Mama, nakushukuru, maana swali hili wawindaji wengi hawajiulizi. Vichwa vingi vya risasi vina kiini cha madini ya risasi ndani ya gamba la shaba. Kikigonga mfupa kwa kasi kinameguka, na chembe zinatawanyika sentimita nyingi kutoka kwenye tundu, nyingine ndogo kiasi kwamba jino halizisikii. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini haya mwilini kinachojulikana kuwa hakina madhara, na wanaodhurika zaidi ni watoto na wajawazito, kwa sababu yanashambulia ubongo unaokua.

Mwombe muuza bucha akupe paja la nyuma badala ya bega au mbavu. Nyama yenye damu iliyovilia usiioshe ukadhani imesafika, ikate uitupe pamoja na sehemu kubwa inayoizunguka, na mbwa wasipewe. Nyama iliyo karibu na jeraha usiilaze kwenye ndimu wala siki: tindikali huyayusha madini hayo, na mwili unayapokea kwa urahisi zaidi. Kwa wajukuu, nyama ya kusaga ya mnyama aliyepigwa risasi ningeiacha kabisa.

Na ninyi wawindaji mnaouza au kugawa nyama, vipo vichwa vya shaba tupu kwa karibu kaliba zote nilizozitaja leo. Ni ghali zaidi, lakini vinachanuka bila kumeguka na vinapenya vizuri. Anayekula nyama yako hakuwepo ulipochagua risasi.

*Nilirekebisha shabaha ya bunduki yangu Makete asubuhi yenye sakitu. Nitawinda Oktoba kwenye joto la Usangu. Risasi itakwenda palepale? (Makete)*

Kwa mita 100 hutaona tofauti ya maana. Joto linaifanya baruti iwake kwa shinikizo zaidi, hivyo risasi inaongeza kasi kidogo, ilhali hewa nzito ya bondeni inaipunguza kidogo kuliko ya milimani kwenu. Kinachoharibu ni kuacha risasi juu ya dashibodi jua likiwaka. Ziweke kivulini, ndani ya kitambaa. Ukiona bolti, lile komeo la bunduki, inagoma kufunguka baada ya kufyatua, au fataki, ile ya kuwasha baruti kwenye kitako cha ganda, imekuwa bapa kabisa, acha kutumia risasi hizo siku hiyo. Zile zenye kutu ya kijani usizibebe hata za akiba.

Darubini ndiyo ya kuogopa zaidi, kwa sababu saa nyingi za barabara ya vumbi zinalegeza skrubu zake. Ukifika kambini kaza skrubu, mwombe askari akuonyeshe mahali salama na panaporuhusiwa, kisha piga mbili kwenye boksi lililowekwa mita 100 mbele ya kichuguu. Zikitua mbalimbali, rekebisha kabla hujamwendea mnyama yeyote.