Maswali ya Wasomaji: Kuitangaza Programu Mpya kwa Fedha Kidogo

SWALI: Mimi na mwenzangu tumeunda programu ya simu inayomwezesha mfanyabiashara mdogo kuandika madeni ya wateja wake badala ya kutegemea daftari la karatasi. Imo katika duka la Google Play tangu mwezi uliopita, lakini walioipakua ni jamaa na marafiki tu. Tumebakiwa na shilingi 30,000. Mwenzangu anataka tumlipe mchekeshaji maarufu wa mtandaoni aitaje katika video yake. Mimi naona afadhali tununue matangazo ya Facebook. Tufuate njia ipi?
Msomaji wa Kondele, Kisumu

JIBU: Kwa sasa msifuate hata moja. Watazamaji wa mchekeshaji wametawanyika nchi nzima na wengi wao hawamkopeshi mtu sukari wala nyanya, kwa hiyo mtalipia vicheko. Matangazo ya Facebook yana nafuu, kwa kuwa yanaweza kuelekezwa kwa wakazi wa Kisumu pekee na kusimamishwa wakati wowote, ila mtu anayebonyeza tangazo na kupakua programu, kisha akaifuta kesho yake, amekula fedha yenu bila faida. Kabla ya kutangaza kwa upana, ni lazima mjue kama programu hukaa kwenye simu ya mtu asiye jamaa yenu, la sivyo mtakuwa mnatia maji kwenye pakacha.

Njia ya kulijua hilo iko karibu nanyi. Nendeni soko la Kibuye, mchague safu moja tu, tuseme ya wauza nafaka au ya mitumba, na muwatafute wafanyabiashara ishirini hivi wanaokopesha. Nasisitiza safu moja kwa sababu majirani wa vibanda huulizana, na aliyekwama saa nne asubuhi atasaidiwa na mwenzake kabla hajawapigia simu ninyi. Msiende Jumapili, siku ambayo soko hufurika na hakuna mama atakayeacha wateja ili asikilize habari za programu. Mnunulieni kila mmoja bando la kupakulia, mketi naye mpaka aandike deni la kwanza kwa mkono wake mwenyewe, kisha mrudi wiki inayofuata mkaone alipokwama. Nauli, bando na vibandiko vyenye msimbo wa QR vya kuwekwa kwenye vibanda havitamaliza hata nusu ya fedha yenu.

Huko sokoni mtakutana na hofu ambayo hakuna tangazo litakaloiondoa. Wakenya wengi wanakumbuka programu za mikopo zilizochukua orodha ya namba kwenye simu na kuwapigia jamaa na waajiri wa mdaiwa ili kumwaibisha. Programu yenu inahusu madeni, nayo ikiomba ruhusa ya kusoma namba hizo mara tu inapofunguliwa, mfanyabiashara mwangalifu ataifuta, na mimi nitamuunga mkono. Mwacheni aandike jina na namba ya mteja mwenyewe. Kumbukeni pia kwamba majina na namba hizo ni taarifa za watu, ambazo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, hivyo elezeni kwa Kiswahili chepesi zinahifadhiwa wapi na nani anaweza kuziona.

Ukurasa wenu katika Google Play nao urekebishwe, kazi isiyogharimu chochote. Jina la programu lina nafasi ya herufi 30 na maelezo mafupi herufi 80; tumieni maneno ambayo muuzaji angeyaandika akitafuta, kama vile “daftari la madeni”, badala ya jina la kubuni peke yake. Duka hilo linakubali maelezo ya Kiswahili, na picha ya kwanza ionyeshe orodha ya madeni yenyewe, si nembo yenu.

Baada ya mwezi mmoja, tazameni ni wangapi kati ya wale wa Kibuye wangali wanaandika madeni. Wakiwa wengi, nunueni matangazo ya kiasi kidogo kwa siku, ya Kisumu tu, mkitumia maneno mliyoyasikia kwa wafanyabiashara wenyewe, na kila tangazo, kibandiko au kundi la WhatsApp lipewe kiungo chake ili mjue waliopakua wametoka wapi. Wakiwa wachache, fedha iliyobaki ni ya kurekebisha programu.

SWALI: Kuna kijana anayejitolea kutuuzia maoni ya nyota tano kwa ajili ya programu yetu. Je, kuna ubaya?
Msomaji wa Nakuru

JIBU: Upo. Kanuni za Google Play zinakataza maoni ya kununuliwa, na mkigunduliwa maoni hayo yanaweza kuondolewa, hata programu yenyewe pia. Isitoshe, sifa kumi zilizoandikwa kwa mtindo mmoja humtia msomaji shaka. Mwombeni mtumiaji maoni pale programu inapokuwa imemfaa, bila kumwahidi zawadi, na mjibu kila lalamiko hadharani. Jibu lina nafasi ya herufi 350, zinazotosha kueleza mmerekebisha nini na tatizo likirudi awasiliane nanyi vipi.