Ndege kuukuu na nyufa: usiulize miaka, uliza imetua mara ngapi

Mleta mada kauliza swali moja ila ndani yake yapo mawili. Kaangalia namba ya usajili mtandaoni kakuta ndege anayopandaga kwenda Mwanza ina miaka 25, alafu kuna jamaa kamtisha kwamba ndege za umri huo "zinachanika zikiwa juu", sasa anataka kujua apande au asipande, na pili je kuna mtu analazimishwa na sheria kuzitafuta hizo nyufa au ni maneno ya kampuni tu ya kutuliza wateja. Mi nimefanya kazi ya bodi za ndege, yaani mabati, ribiti (vile vipini vinavyobana bati kwa bati), viraka na kutu, hangani, kwenye karakana ya ndege, miaka mingi tu, kwa hiyo ntajibu ninavyoijua kazi. Mambo ya injini nawaachia wenyewe.

Kwanza tusidanganyane, nyufa zipo. Ndege iliyopiga kazi ya kutosha ukiivua mabati ya ndani na masakafu huwezi kukosa kaufa mahali, na walioitengeneza wanajua hivyo toka siku ya kwanza. Ndo maana siku hizi inachorwa kwa namna kwamba ufa ukianza uende taratibu na chuma cha jirani kiubebe mzigo, alafu wanapiga hesabu ufa unachukua safari ngapi kutoka pale unapoanza kuonekana hadi pale unapokuwa hatari, na ukaguzi unapangwa katikati humo ili mkaguzi apate nafasi zaidi ya moja ya kuuona. Ukaguzi ukiruka, hesabu yote imekufa, hata ndege iwe ya mwaka jana.

Sasa hili la miaka. Chukua waya ukunje huku ukunje kule, haukatiki kwa sababu ni wa zamani, unakatika kwa idadi ya mara ulizokunja. Ndege ya presha, yaani inayojazwa hewa ndani ili watu wapumue, kila ikipanda inatanuka, ikishuka inanywea, hiyo panda shuka moja ndo tunaita saiko, na saiko ndo zinaizeesha. Mfano mzuri ni Comet ya Waingereza, jeti ya kwanza kabisa ya abiria. Ile G-ALYP ndo iliyofungua safari ya London kwenda Johannesburg Mei 1952, na njiani ilitua Entebbe, kwa hiyo wazee wetu huku waliiona. Tarehe 10 Januari 1954 ikapasukia hewani karibu na kisiwa cha Elba, Italia, watu 35 wakafa. Ilikuwa na miaka mingapi? Haikufika hata minne, safari za presha 1,290 tu. Aprili mwaka huo huo nyingine ikaanguka karibu na Naples. Wakachukua Comet nyingine wakaizamisha kwenye tangi la maji kule Farnborough wakawa wanaijaza presha na kuitoa mchana na usiku mpaka bodi ikachanika, ikaonekana wazi kuwa ni uchovu wa chuma, unaanzia kwenye kona za matundu ya madirisha na yale ya antena. Ndege mpya kabisa hiyo, kwa hiyo anayekwambia angalia mwaka wa kutengenezwa anakupa robo ya habari.

Upande wa pili kuna ndege ya Aloha, shirika la Hawaii, na hii kila fundi wa bodi anaijua maana ndo iliyobadilisha kazi yetu. Tarehe 28 Aprili 1988, Boeing 737-200 inatoka Hilo kwenda Honolulu huko Hawaii, imefika futi 24,000, paa la mbele likachomoka lote kama mita 5 na nusu, kuanzia nyuma ya mlango wa mbele wa kuingilia abiria hadi karibu na bawa, abiria wamekaa na mikanda upepo unawapiga usoni. Marubani wakaishusha Maui. Kati ya watu 95 alikufa mmoja, mhudumu Clarabelle Lansing, aliyekuwa amesimama kwenye korido. Ndege ilikuwa na miaka 19, lakini saiko zake zilikuwa 89,680 wakati watengenezaji walilenga 75,000, na masaa yake hayakuzidi 35,500. Gawanya mwenyewe, wastani wa safari ni kama dakika 24. Visiwa, chumvi baharini, ruka tua ruka tua kutwa nzima. Anayeijua Dar kwenda Zanzibar hahitaji kuelezewa zaidi.

Ila kinachoniuma kwenye Aloha siyo uzee wake, ni kwamba ukaguzi wa lazima ULIKUWEPO. Zile 737 za mwanzo mabati yake yalikuwa yanalaliana na kushikwa na gundi ya baridi pamoja na ribiti, gundi ikawa inaachia, unyevu unaingia, kutu inainua bati, mzigo wote unahamia kwenye ribiti na kila tundu la ribiti linaanza kaufa kake kadogo. Kamoja hakatishi, shida inakuja vikiwa vingi kwenye mstari mmoja vikaungana. Boeing walitoa waraka wa kukagua maungio yote ya mabati. Mamlaka ya Marekani, FAA, 1987 wakaufanya lazima lakini wakalazimisha sehemu moja tu ya maungio, ile ya juu. Kampuni ikakagua Novemba hiyo hiyo, ikakuta nyufa mbili ikaziba, na agizo lilisema ukikuta ufa lazima upitishe kipimo cha umeme kwenye ungio zima, lakini kwenye kumbukumbu za ndege wachunguzi hawakuona popote pameandikwa kwamba kilifanyika. Miezi mitano baadae paa likaondoka, na lilianza kuchanika kwenye ungio la chini yake ambalo agizo halikuligusa.

Kwa hiyo ukiniuliza ukaguzi wa lazima unafaa au haufai, nakujibu inategemea umeandikwa uangalie wapi na huyo aliyepanda ngazi na tochi yuko kwenye hali gani. Ripoti yenyewe ya Aloha iliongelea hilo, mtu anakagua usiku, mamia na mamia ya ribiti, ananing'inia juu ya bodi, na miaka yote hajawahi kukuta kitu. Jicho linazoea kutoona! Hapo nawaelewa wale jamaa, siyo kwamba nawatetea.

Kabla ya Aloha kuna moja ya huku kwetu ambayo watu wamesahau. 14 Mei 1977, Boeing 707 ya mizigo imetoka London, ikapita Athens na Nairobi, inakaribia kutua Lusaka asubuhi, upande wa kulia wa bawa dogo la mkiani ukakatika ukaanguka, ndege ikapiga pua chini, watu 6 wote wakafa. Ufa ulikuwa ndani ya mhimili wa nyuma wa hilo bawa la mkia, umekua muda mrefu tu. Walioichora waliamini mhimili ukipasuka sehemu nyingine itabeba, kumbe haibebi, na ratiba ya ukaguzi haikumwambia fundi aangalie pale kwa ukaribu. 707 nyingine duniani zilipofunguliwa, baadhi zikakutwa na ufa ule ule. Hapo ndo watu walianza kusema ndege kuukuu isipewe ukaguzi wa kawaida tu, ipewe wa nyongeza, na 1978 Marekani wakabadili kanuni za uchoraji zikawa zinahesabu kabisa kwamba ufa utakuwepo.

Kuhusu sheria basi, kwa ufupi maana hapa panachosha. Nchi iliyotengeneza ndege ikiona tatizo inatoa agizo la lazima, sisi tunaita AD, na nchi ambayo ndege imesajiliwa ndo yenye nguvu ya kuizuia isiruke mpaka agizo litekelezwe. Ndege ambayo usajili wake unaanza na 5H iko chini ya TCAA, mamlaka ya anga ya Tanzania, 5Y ni KCAA ya Kenya. Lakini kuna za kukodi zinaruka huku na usajili wa nje, hizo bosi wake yuko nje, usishangae. Baada ya Aloha Marekani walipitisha sheria ya ndege kuukuu mwaka 1991, na kanuni iliyotoka 2005 inasema ndege ya abiria ya mashirika ikimaliza miaka 14 inafunguliwa na makaratasi yake yanapekuliwa, alafu inarudiwa kila miaka 7. 2010 wakaongeza kwamba kila aina ya ndege kubwa iwekewe kikomo cha saiko au masaa, ukikifika ndege inapaki hata kama inang'aa, isipokuwa kikomo kiongezwe kwa ushahidi wa kitaalamu.

Na maagizo haya siyo historia. 2019 mafundi waliokuwa wanabadilisha 737-800 ya abiria kuwa ya mizigo wakakuta nyufa kwenye vyuma vinavyounganisha bawa na bodi, vyuma ambavyo vilitakiwa vidumu saiko 90,000. FAA wakasema yenye saiko 30,000 na zaidi ikaguliwe ndani ya siku 7, zenye 22,600 mpaka hapo zipewe saiko 1,000. Angalia walivyopanga: hakuna aliyeuliza ndege ina miaka mingapi.

Hangani kwenyewe sasa, maana wengi mnadhani fundi anazunguka ndege na tochi anasaini. Cheki kubwa ndege inakaa wiki kadhaa. Viti vinatoka, sakafu inatoka, vyoo vinatoka, majiko ya wahudumu yanatoka. Chini ya choo na chini ya jiko ndo nyumbani kwa kutu, mkojo, chai, soda na maji ya barafu vinashukia pale miaka yote, nimeshakuta mihimili ya sakafu unaigusa na kibanio inabomoka unga mweupe. Kutu ikila alumini inaacha vishimo, na kishimo ndo mbegu ya ufa. Ukisafisha unaangalia kwa macho, kioo na lenzi, alafu pale palipoagizwa unapitisha edi karenti, kile kipimo cha umeme. Kwanza unakirekebisha kifaa kwenye kipande cha mfano chenye mkato wa kipimo kinachojulikana, alafu unazungusha ncha kuzunguka kila kichwa cha ribiti, mshale ukiruka unasimama. Inaona nyufa ambazo jicho haliwezi, zilizojificha chini ya rangi. Sehemu nene tunatumia ultrasaundi, na vyuma vilivyofunguka tunapaka rangi ya kupenya alafu tunamulika taa ya zambarau, ufa unawaka.

Kitu ninachokiogopa kuliko ufa ni kiraka cha zamani. Ndege ikigusa mkia chini wakati wa kuruka au ikigongwa na gari la mizigo, wanaweka bati juu ya bati. Bati la chini likiwa na mikwaruzo na halikukatwa, huoni tena kitu, nje panapendeza kabisa. China Airlines 747 iligusa mkia Hong Kong Februari 1980, ikazibwa vibaya, ikaruka miaka 22, tarehe 25 Mei 2002 ikapasukia juu ya mlango wa bahari wa Taiwan watu 225 wakafa. Kwenye kile kiraka kulikuwa na madoa ya kahawia, moshi wa sigara za abiria wa enzi zile umevuja na presha, picha zilipigwa miezi kabla na hakuna aliyejiuliza. Mi nikipewa ndege iliyopita mikono mingi naanza na makaratasi ya viraka, na hapo ndo ugomvi unapoanza. Kuna sehemu niliyowahi kufanya kazi, jina nalihifadhi, kiraka hakina karatasi hata moja, nataka kitolewe tuone chini, mpangaji wa ratiba ananiambia ndege imeshauzwa tiketi za kesho kutwa. Kilitolewa, lakini baada ya kuongea na mkaguzi mkuu kwa maandishi. Kwa mdomo isingewezekana.

Kwa wale wa Serengeti na Mafia mnaopanda vindege vidogo, Caravan haina presha kwa hiyo stori ya Aloha haiwahusu moja kwa moja. Huko mateso ni viwanja vya vumbi na mashimo, kwa hiyo miguu, na mashikio ya bawa. 2018 Daytona, Florida, Piper ya chuo cha urubani ilikatika bawa ikiwa na mwanafunzi na mtahini wake, wote wakafa, ufa ulianzia kwenye tundu la boliti la mhimili. 2019 karibu na Mount Isa, Australia, Cessna 210 hivyo hivyo, kishimo cha kutu kikazaa ufa. Zote mbili zikaleta maagizo ya kupima kwa edi karenti.

Mleta mada, panda. Ndege yenye miaka 25 ya kampuni inayoipeleka cheki kubwa kwa wakati mi napanda na familia yangu, na ya miaka 9 iliyopigishwa safari fupi fupi pwani bila kuoshwa chumvi naiangalia mara mbili. Plastiki ya ndani kupasuka pembeni ya dirisha hiyo siyo bodi, tulia. Ile tepu ya silva unayoweza kuiona kwenye bawa ni tepu maalum ya alumini, inaruhusiwa kwa muda. Lakini ukiona ribiti zimepangana kila moja ina mchirizi mweusi nyuma yake, au mstari kwenye bati unaotoka ribiti hadi ribiti, mwambie mhudumu kabla mlango haujafungwa. Kwenye Aloha kuna abiria aliuona ufa wakati anaingia, akakaa kimya.

Na aliyeuliza kama saiko zinaonekana mtandaoni, hapana mkuu, kule utapata mwaka na majina ya waliowahi kuimiliki basi. Saiko zipo kwenye logibuku, yaani daftari la kumbukumbu za ndege, na logibuku iko ofisini kwa kampuni, mamlaka wakiitaka wanaletewa.