Maswali na majibu: Askari wa magereza na mipaka ya kazi yake

Barua za safari hii zimetoka pande zote mbili za lango la gereza: wapo wanaoshika funguo, na wapo wenye ndugu zao ndani. Kila nchi ina sheria yake ya magereza, nayo ndiyo inayomwajibisha askari mbele ya mwajiri na mahakama. Kwa kuwa siwezi kuzijibu sheria zote kwa pamoja, nimetumia kipimo kinachotambulika kote, yaani Kanuni za Mandela kuhusu namna ya kuwatendea wafungwa, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa tarehe 17 Desemba 2015 baada ya kuzifanyia marekebisho kanuni za zamani za mwaka 1955. Kanuni hizo ni 122. Si mkataba wa kutiwa saini, lakini ndizo wanazozishika wakaguzi, mawakili na watungaji wa sheria wanapotaka kujua kama gereza linaendeshwa inavyostahili.

Niko mwishoni mwa mafunzo ya uaskari. Askari mmoja mkongwe ananiambia kuwa mfungwa ameletwa gerezani ili aadhibiwe, na kwamba askari asiyemwonjesha uchungu wa kifungo haijui kazi. Je, ni kweli?

Si kweli, na umefanya vyema kuuliza kabla hujakabidhiwa funguo. Kanuni ya 3 inaeleza kuwa kifungo kinaumiza kwa sababu tu kimemnyang'anya mtu uhuru wake, na kwamba uongozi wa gereza haupaswi kuyazidisha maumivu hayo, isipokuwa kwa kiasi ambacho utengano wenyewe au utunzaji wa nidhamu unakilazimu. Adhabu imekwisha kutolewa mahakamani na kuandikwa katika hati ya kifungo, kwa miaka na miezi inayohesabika. Ndani ya hati hiyo hamna makofi, hamna kunyimwa chakula wala kutukanwa mbele ya wenzake. Askari anayeongeza kitu juu ya hati anajitwalia kiti cha hakimu. Kumbuka pia kuwa si kila aliye ndani ni mfungwa. Mahabusu bado hajahukumiwa, na kwa kanuni ya 111 anahesabiwa kuwa hana hatia.

Kuhusu uchungu huo wa kuonjeshwa, msomee mkongwe wako kanuni ya 77, inayomtaka kila mtumishi wa gereza ajiheshimu wakati wote, kazi yake iwe mfano wa kuwavuta wafungwa kwenye wema, nao wamheshimu kwa sababu hiyo.

Mfungwa amekaa sakafuni na kukataa kutoka chumbani asubuhi ya kuhesabiwa. Hanipigi wala hanitukani. Naruhusiwa kutumia nguvu?

Kanuni ya 82 inaruhusu nguvu katika hali chache: askari anapojilinda, mfungwa anapojaribu kutoroka, na mfungwa anapoikataa kwa mwili wake amri iliyotolewa kwa mujibu wa sheria au kanuni za gereza. Ukaidi huo unaweza kuwa wa vurugu au wa kutulia kama wa huyo aliyekaa sakafuni, kwa hiyo jibu fupi ni ndiyo, unaweza kufika hapo. Jibu refu ndilo lenye maana zaidi, kwa sababu ruhusa hiyo imewekewa kipimo: nguvu isizidi ile inayohitajika kabisa. Mtu asiyekushambulia anaweza kuinuliwa na askari wawili au watatu waliofundishwa kumshika bila kumuumiza. Rungu halina kazi hapo, kwa kuwa kumpiga hakumfanyi atoke chumbani. Kunamfanya aumie, halafu bado itabidi abebwe.

Kabla ya kumgusa, zungumza naye. Kanuni ya 76 inataka askari afundishwe majadiliano na usuluhishi kama njia za kutuliza mambo, na mara nyingi mtu aliyegoma asubuhi ana sababu: anaumwa, amepata habari ya msiba, au ameibiwa usiku na anaogopa kusema mbele ya aliyemwibia. Ukilazimika kutumia nguvu, mpe mkuu wa gereza taarifa papo hapo. Usisubiri mwisho wa zamu, na wala usiache mpaka mfungwa alalamike kwanza. Taarifa iliyoandikwa mapema ndiyo itakayokutetea ikiwa ulitenda sawa.

Silaha za moto zina mlango mwembamba zaidi. Kwa kanuni hiyohiyo ya 82, askari wanaokaa na wafungwa ana kwa ana hawapaswi kuwa na silaha isipokuwa katika hali maalumu, na hakuna anayepaswa kukabidhiwa silaha bila kufundishwa kuitumia. Misingi ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1990 kuhusu matumizi ya nguvu na silaha inaongeza kuwa aliye kizuizini asifyatuliwe risasi ila kwa kujilinda au kumlinda mwingine dhidi ya hatari ya kifo au jeraha kubwa iliyo karibu kutokea, au pale ambapo hakuna budi ili kuzuia kutoroka kwa mtu anayeleta hatari ya aina hiyo.

Mkubwa wangu ameniamuru "nimfunze adabu" mfungwa aliyeandika malalamiko dhidi yake. Nikikataa, nitashtakiwa kwa utovu wa nidhamu. Nifanye nini?

Amri ya namna hiyo haikulindi. Mwongozo wa maadili ya watekelezaji wa sheria, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1979, unasema katika kifungu cha 5 kwamba hakuna mtekelezaji wa sheria anayeweza kujitetea kwa amri ya mkubwa, wala kwa vita au hali nyingine ya dharura, pale anapotesa mtu. Mkataba wa mwaka 1984 dhidi ya mateso unarudia jambo hilo katika kifungu cha 2, na huo ni mkataba hasa, wenye kuzifunga nchi zilizouridhia. Siku ya kesi, aliyekutuma anaweza kusema kuwa alikuambia umshauri tu, nawe ndiye utakayebaki na alama za mikono yako.

Mfungwa huyo alikuwa na haki ya kuandika. Kanuni ya 56 inamruhusu kupeleka maombi au malalamiko kila siku, na ya 57 inataka alindwe dhidi ya kulipiziwa kisasi. Kwa hiyo unaamriwa kuvunja kanuni mbili kwa mpigo.

Ushauri ufuatao ni wangu mwenyewe. Mwombe mkubwa wako, kwa adabu na pasipo kejeli, akuandikie amri hiyo kwenye daftari la matukio. Wengi huirudisha amri mdomoni wakiambiwa hivyo. Asipoiacha, kataa, andika saa na maneno yaliyosemwa, kisha upeleke taarifa kwa ngazi iliyo juu yake. Kifungu cha 8 cha mwongozo huo kinakutaka utoe taarifa unapoona kuwa uvunjaji umetokea au unakaribia kutokea. Sitakudanganya kwamba kukataa hakuna gharama. Nasema tu kwamba kutii kuna gharama kubwa zaidi, na utailipa peke yako.

Wadi yetu ina wafungwa zaidi ya uwezo wake na askari ni wachache. Je, ni vibaya kumwachia nyapara akatunza nidhamu?

Ni vibaya, na kanuni ya 40 inakataza waziwazi mfungwa yeyote kupewa kazi ya kuadhibu au kusimamia nidhamu ya wenzake. Nyapara anaweza kuongoza michezo, masomo au shughuli nyingine za kijamii chini ya uangalizi. Akipewa mamlaka ya kuamua nani alale wapi na nani apigwe, ataanza kuyauza, na wateja wake watakuwa wenye fedha na wenye nguvu. Uchache wa askari ni tatizo la kweli, lakini hauhamishi wajibu: jambo lolote atakalolitenda kwa jina lako litaandikwa kwenye zamu yako.

Nilipokwenda kumtembelea mwanangu nilivuliwa nguo zote mbele ya askari wanne, mmoja wao mwanamume. Niliambiwa ndio utaratibu. Ni utaratibu wa wapi?

Pole sana, mama. Gereza lina haki ya kukagua wageni, na kanuni ya 60 inalitambua hilo kwa kukuhitaji ukubali upekuzi ndipo uingie; unaweza kuubatilisha ukubali wako wakati wowote, nao wanaweza basi kukunyima ruhusa ya kuingia. Hata hivyo, kanuni hiyohiyo inakataza upekuzi wa kudhalilisha, na inataka mgeni alindwe angalau kama mfungwa anavyolindwa. Kwa mfungwa, upekuzi wa kuvuliwa nguo hufanywa pale tu panapokuwa na ulazima kabisa, faraghani, na watumishi waliofundishwa wa jinsia yake. Kusanyiko la askari wanne lenye mwanamume ndani yake halifikii kipimo hicho hata kidogo. Andika malalamiko yenye tarehe na saa, uulize pia upekuzi huo uliandikwa kwa sababu gani.

Kaka yangu amewekwa peke yake chumbani kwa wiki tatu kwa sababu alipigana. Je, kuna kikomo?

Kipo. Kanuni ya 44 inaita kifungo cha upweke hali ya kufungiwa saa 22 au zaidi kwa siku bila mazungumzo ya maana na binadamu mwingine, na inakihesabu kuwa cha muda mrefu kikizidi siku 15 mfululizo. Kanuni ya 43 inakipiga marufuku hicho cha muda mrefu, pamoja na chumba cha giza, kupunguziwa chakula au maji, viboko, na adhabu ya kundi zima kwa kosa la mmoja. Ikiwa kaka yako hatoki kwa zaidi ya saa mbili kwa siku, wiki tatu zimevuka mpaka. Mtumishi wa afya naye anapaswa kumwona kila siku, na mtumishi huyo haruhusiwi kushiriki katika kuamua adhabu. Mweleze wakili wake mambo haya mawili kwanza, kwa sababu ndiyo yanayothibitishwa kwa urahisi katika madaftari.

Askari wa kiume anaweza kushika lindo la usiku ndani ya sehemu ya wafungwa wanawake?

Hapana. Kwa kanuni ya 81, sehemu hiyo huongozwa na mwanamke ambaye ndiye anayetunza funguo zote, na mwanamume haingii ila akifuatana na mtumishi mwanamke. Madaktari na walimu wa kiume wanaweza kufanya kazi zao humo.

Mume wangu ni askari na mshahara hautoshi. Hupewa "chai" na ndugu za wafungwa ili awafikishie barua. Anasema hamdhuru mtu. Je, kanuni hazioni shida zetu?

Zinaziona, dada. Kanuni ya 74 inataka askari wa magereza awe mtumishi wa umma wa kudumu, mwenye uhakika wa ajira yake maadamu mwenendo na utendaji wake ni mzuri, na alipwe mshahara wa kutosha kumvutia na kumbakisha kazini. Serikali isiyofanya hivyo imekiuka kanuni kabla mumeo hajakiuka, na malalamiko ya askari juu ya jambo hilo ni halali.

Lakini itazame hiyo chai kwa makini. Kanuni ya 58 inampa mfungwa haki ya kuwasiliana na familia yake kwa barua, chini ya usimamizi unaohitajika. Mumeo anawauzia watu haki ambayo tayari ni yao, na anayeshindwa kulipa anabaki bila habari za mzazi wake. Aidha, barua zinazopita mfukoni mwake hazikaguliwi na mtu, na aliyempa fedha mara tatu anajua jambo ambalo mkuu wa gereza halijui. Mara ya nne ataleta simu au wembe, na safari hiyo hataomba.