Jiungeni, lakini msitegemee asilimia ya duka

Dada, umeuliza kama chama chenu cha kusaidia wakimbizi huko Marekani kitegemee maduka ya mtandaoni yanayotoa asilimia ya mauzo kwa mashirika ya hisani. Mkipata nafasi jiungeni, ila msiajiri mtu wala kupanga pango la ofisi kwa fedha hizo.

Tazama AmazonSmile, mpango wa hisani wa duka la mtandaoni la Amazon. Ilianza 2013, ikitoa nusu ya asilimia moja: mteja akinunua bidhaa ya dola 100, shirika linapata senti 50. Januari 2023 Amazon ilitangaza kuufunga mpango huo, ikisema wastani kwa kila shirika haukufika dola 230. Februari 20 ukafungwa. Walitoa malipo ya mwisho, sawa na ya miezi mitatu, basi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mashirika madogo yaliwahimiza wafadhili wao wakanunue kule, yaani yalilitangaza duka bure, na bado hayakupewa majina ya walionunua. Utamshukuru vipi mtu usiyemjua?

Piga hesabu: mfadhili mmoja akiwapa dola 10 kila mwezi, kwa mwaka ni 120. Kuzipata kwa nusu asilimia, mtu angelazimika kununua bidhaa za dola 24,000! Kwa hiyo nguvu zenu zipelekeni kwa watu. Andikeni majina na namba zao kwa ridhaa yao, na mchango ukiingia, mtu wa kamati ampigie mtoaji simu wiki hiyohiyo.