Wasomaji Wanauliza: Tingatinga, kanga na mpingo katika nyumba ya kupanga

SWALI: Habari za kazi. Nimepanga vyumba viwili Sinza, kuta ni nyeupe tupu. Natamani picha ya Tingatinga sebuleni, ila naogopa kuuziwa kazi mbovu, na mwenye nyumba hataki kusikia habari za misumari. Nifanyeje?

JIBU: Nenda Oysterbay, kwenye ushirika wa wachoraji karibu na Morogoro Stores, eneo ambalo picha za Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo huu, zilianza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Nenda asubuhi ya siku ya kazi, uwakute wachoraji wameshika brashi. Hapo unaagiza ukubwa unaolingana na ukuta wako na unachagua rangi mwenyewe. Hizi picha si za wageni peke yao. Zilizaliwa Dar es Salaam na zinakaa vizuri sana juu ya kochi la Sinza.

Usitishwe na kuona pundamilia wale wale mabanda matatu mfululizo. Kurudia mtindo ni sehemu ya sanaa hii. Ubora utauona kwenye mkono: rangi ya nyuma ikitoka njano kwenda nyekundu isiwe na mpaka wa ghafla, madoa ya chui yawe na ukingo safi, mstari mwembamba wa mguu wa ndege usitetereke. Angalia pia kama mchoraji ametia jina lake.

Kisha uliza imechorwa lini. Rangi inayotumika ni ya mafuta, inayong'aa, jamii ya ile ya kupaka mageti. Juu hukauka ndani ya siku moja, lakini chini hubaki laini kwa wiki kadhaa. Bonyeza pembeni kwa ncha ya kidole. Ikinata au ikibaki alama, lipa kiasi na urudi baada ya wiki mbili. Picha mbichi ikiviringishwa hugandana, na joto la kwenye daladala humalizia kazi. Hata kavu, iviringishe upande wa rangi ukiwa nje, juu ya bomba la unene wa sentimita 10 au zaidi, na utangulize karatasi ya kuokea keki. Gazeti huacha wino na kunata.

Mwombe mchoraji aache sentimita 5 za kitambaa kitupu kila upande, maana fundi fremu asipokuwa na pa kushika atakunja mchoro wenyewe. Fundi aanze kupiga pini katikati ya kila upande, akielekea pembeni. Akianza na kona, mikunjo haitoki tena. Picha ikizidi sentimita 80 iwekewe mti wa kati, la sivyo masika ikifika kitambaa kitalegea. Kioo hakihitajiki, kwani hunasa ndani yake unyevu wa hewa yetu ya pwani. Vumbi lifute kwa brashi laini, na usiguse rangi kwa thina wala petroli.

Kuhusu misumari: gundi za kubandika hazifai. Rangi ya maji ya bei nafuu huachia ukuta, na picha huanguka nayo. Isimamishe juu ya kabati, chini uweke mpira isiteleze. Mwenye nyumba akikubali tundu moja, litobolewe kwa drili na kuwekwa plagi ya skrubu, kwani msumari wa zege hubomoa plasta. Katikati ya picha pawe kama sentimita 145 kutoka sakafuni. Nyuma, kwenye kona za chini, bandika vipande vya ndala kuukuu ili hewa ipite, la sivyo fangasi wataanzia huko.

SWALI: Nataka kushona mito ya kochi kwa kanga. Shoga yangu anasema niloweke kwenye chumvi rangi isichuje. Ni kweli?

JIBU: Chumvi haitakusaidia, dada, rangi ilishachapwa kiwandani. Fua kila kanga peke yake kwa maji baridi mpaka maji yatoke safi, na uanike kivulini. Fua kabla ya kukata, kwa sababu wanga ukitoka na pamba ikirudi, mto uliokwisha kushonwa utajikunja. Kwa mto wa sentimita 40 kata 43. Ua la mji, yaani sehemu ya kati ya kanga, likae katikati mbele, pindo liende nyuma. Jina, yaani maneno ya kanga, mara nyingi ni refu kuliko mto wa mraba, kwa hiyo lipime kwanza na ulishonee mto mrefu. Kuyakata maneno katikati ni kuiharibu kanga.

SWALI: Kinyago nilichonunua Mwenge kimepata ufa baada ya miezi miwili ofisini. Je, si mpingo?

JIBU: Ufa si ushahidi. Mpingo ambao ndani haujakauka, ukitolewa kwenye banda la wazi na kuwekwa mbele ya kiyoyozi, hupasuka. Kihamishe, kisipigwe na upepo huo wala jua la dirishani, na usizibe ufa sasa; ufa huo unaweza kujifunga kiasi msimu wa mvua. Ukitaka kujua mti, sugua chini ya kitako kwa kitambaa cheupe chenye spiriti kidogo. Weusi mwingi ukitoka na mti ukabaki mweupe, umepakwa kiwi. Mpingo wenyewe ni mzito kiasi cha kuzama majini, na sehemu yake ya karibu na gamba huwa ya njano hafifu, hivyo mstari wa namna hiyo usikutie shaka.