LUN ya zamani: nani aanze kuitoa, wewe au storeji?

Swali: Nina seva ya Red Hat 8 yenye LUN ya zamani (diski ambayo seva inapewa na mashine ya storeji) iitwayo mpathd, inayopita njia nne. Jamaa wa storeji anataka kuichukua leo usiku. Akiitoa upande wake, mimi nikaiwasha seva upya, si basi?

Jibu: Mwambie asubiri, zamu yake ni ya mwisho. Niliwahi kukubali mtindo huo. LUN ikatoka, na kwa kuwa multipath (programu inayounganisha njia zote kuwa diski moja) ilikuwa na mpangilio wa queue_if_no_path, kila ombi la kusoma na kuandika likapanga foleni kungoja njia ambayo hairudi tena. Nikaandika vgs, amri ya kuorodhesha makundi ya diski: kimya. Ctrl+C kimya, kill -9 kimya. Michakato imeganda kwenye hali ya D (inangoja diski na haiwezi kukatizwa), load inapaa huku CPU imelala. Hata reboot iligoma. Seva ilizimwa kwa kitufe.

Wewe shuka kutoka juu. Simamisha programu, piga umount, futa mstari wake kwenye /etc/fstab (wengi huusahau, seva ikaja kukwama siku inawashwa). Kama kuna LVM (mfumo wa kugawa diski) juu yake, vgchange -an na jina la VG (kundi la diski). Data ikiwa haina kazi tena, vgremove kisha pvremove.

Sasa multipath -ll mpathd, unakili WWID (kitambulisho cha kipekee cha LUN) na njia zote; tuseme sdc, sdf, sdi, sdl. Nakili kweli, maana ramani ya mpathd ikishafutwa, multipath -ll haitakuonyesha tena sd zipi zilikuwa zake. Halafu multipath -f mpathd. Ikikujibu "map in use" na lsof haionyeshi kitu, tazama dmsetup ls --tree. Mara nyingi ni LV (kipande cha VG) au patisheni iliyobaki juu, na lsof haioni yanayoshikwa na kerneli yenyewe.

Kwa kila njia:

blockdev --flushbufs /dev/sdc
echo 1 > /sys/block/sdc/device/delete

Soma hiyo herufi mara mbili kabla ya Enter, amri ya pili haiulizi "una hakika?". lsblk ikishakuwa safi, mpigie jamaa aitoe. Kisha multipath -w na ile WWID, ifutike kwenye /etc/multipath/wwids.

Na kama ameshaitoa wakati unasoma hapa: dmsetup message mpathd 0 fail_if_no_path. Foleni itarudishwa kama makosa, programu zitalalamika, lakini umount na multipath -f zitapita.