Leseni imefutwa bila wewe kusikilizwa: uende mahakama ipi?

Ndugu yangu, umeeleza kwamba leseni ya duka lako hapa Moshi imefutwa na mamlaka ya umma bila wewe kuitwa kujieleza, na unauliza kama ufungue shauri katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha. Njia hiyo usiitegemee, kwa kuwa mwaka 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kwenda huko moja kwa moja, jambo ambalo binafsi linanisikitisha sana.

Nenda Mahakama Kuu, kwa njia ya mapitio ya mahakama. Huko Jaji hapimi kama uamuzi ulikuwa wa busara, bali huangalia kama aliyeutoa alikuwa na mamlaka, kama alifuata utaratibu, na kama alikupa nafasi ya kujitetea. Kwa maelezo yako, hoja hiyo ya mwisho ni nzito. Hata hivyo ni lazima kwanza uiombe Mahakama Kuu kibali cha kuleta maombi hayo ndani ya miezi 6 tangu siku ya uamuzi, na ukishakipata una siku 14 tu za kuwasilisha maombi yenyewe. Iwapo sheria iliyotumika inatoa nafasi ya rufaa, ianze hiyo bila kuchelewa, maana mahakama hutaka kujua kwa nini uliiruka.

Leo hii andika barua ya kudai uamuzi na sababu zake kwa maandishi, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.